Safari Zetu Zisiishie Pwani: Hoja kwa Ajili ya Simbi, Ruma na Thimlich Ohinga

Kila mwaka, kamati za safari za vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni zinapoketi kupanga ziara, mjadala huwa mfupi. Mmoja hutaja Lamu, wa pili hutaja Mombasa, na yule mwenye matumaini makubwa kuhusu hali ya mfuko wa chama hutaja Unguja. Baada ya hapo kinachojadiliwa ni nauli na malazi tu. Wiki chache baadaye basi huteremka Mombasa, wanachama hupigwa picha mbele ya Ngome ya Yesu, hutembezwa katika magofu ya Gede, hula mahamri kwa mbaazi, kisha hurejea chuoni na ripoti ya kurasa tatu ambayo aghalabu hufanana na ya mwaka uliotangulia. Sina ugomvi na Pwani. Huko ndiko zilikotoka tenzi tunazozisoma na lahaja zilizotupa lugha sanifu, na mwanafunzi wa Kiswahili asiyewahi kuuona mji wa Lamu ana deni. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kudhani kwamba Kiswahili kina makao mamoja, na kwamba ukishayazuru umemaliza.

Makala haya yanatetea safari ya upande wa pili wa nchi: Kaunti za Homa Bay na Migori, kwenye maziwa, mbuga na maboma ya mawe ya kusini mwa Nyanza. Najua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza Kiswahili kina nini huko. Nitawaomba wavumilie kidogo.

Tuanze na Simbi Nyaima. Hili ni ziwa dogo lililo karibu na mji wa Kendu Bay, dogo kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizima hulizunguka bila ya kuchoka sana. Maji yake ni ya kijani kibichi, yana magadi, hayanyweki, na hayana mto unaoingia wala unaotoka. Mara kwa mara heroe hutua kwa wingi, na ukingo mzima ukageuka wa waridi. Wanajiolojia hutueleza kwamba ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Waluo wana maelezo mengine, na maelezo hayo yamo katika jina lenyewe: Simbi ni kijiji, na kijiji hicho kilizama.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja watu wa Simbi walikusanyika kwa pombe na ngoma. Akatokea ajuza mmoja, mchovu, mwenye njaa na matambara, akaomba pa kujihifadhi. Wakamcheka, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwingiza nyumbani mwake na kumpa chakula. Ajuza alipokwisha kula alimwambia mwenyeji wake akamwite mumewe, waondoke kijijini usiku uleule. Mume, aliyekuwa katikati ya ulevi, hakutaka kusikia. Mwanamke akaondoka pasi naye. Mvua ikanyesha, maji yakabubujika kutoka ardhini, na kulipopambazuka palikuwa na ziwa pale palipokuwa na nyumba. Wasimulizi hutofautiana katika mambo madogo, mathalani juu ya yaliyompata mume au juu ya njia aliyoishika mwanamke, lakini kiini hakibadiliki.

Sote tumekariri methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tumeifafanua katika mitihani tangu shule ya msingi, na kwa kawaida tumeridhika kusema kwamba mgeni huleta baraka. Ukisimama ukingoni mwa Simbi utaiona methali hiyo kwa upande wake wa nyuma: mwenyeji asiyempokea mgeni haponi. Nadhani hakuna mhadhara utakaoweza kumweleza mwanafunzi jambo hilo kama maji yale ya kijani yanavyomweleza.

Si hivyo tu. Kusini-magharibi mwa hapo, upande wa Gwassi, katika ufuo wa Nyandiwa, pana masimulizi ya Nyamgondho wuod Ombare. Huyu alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ulinasa ajuza badala ya samaki. Akamchukua nyumbani, na tangu siku hiyo mifugo ikaongezeka, mali ikajaa, akaoa na kuoa tena. Utajiri ukamlevya, na pombe ikamlevya zaidi. Usiku mmoja akamtusi yule ajuza, akamkumbusha kwamba alimvua majini kama samaki. Ajuza akanyanyuka bila ya neno, akashika njia ya ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kuku wote wakamfuata mpaka wakazama. Nyamgondho akabaki amesimama ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wenyeji watakuonyesha alama katika miamba wasemazo ni kwato za mifugo ile.

Hapa pana kazi ya kitaaluma ambayo haijamalizwa. Ajuza wawili, maji mawili, ulevi mara mbili. Katika hadithi ya kwanza maji huja kuwameza watu, katika ya pili mali ndiyo inayoyafuata maji. Tukiwa darasani tungeanza kwa kuuliza: je, hizi ni visasili, ni visakale, au ni ngano za usuli? Nimewahi kushuhudia semina nzima ikiishia kwenye swali hilo, na nusu saa ya mwisho ikatumika kubishana juu ya fasili za vitabu viwili. Mwenyeji wa Simbi hana tatizo hilo. Kwake yeye hadithi na ziwa ni kitu kimoja: hadithi ni ushahidi wa ziwa, na ziwa ni ushahidi wa hadithi. Uainishaji wetu uliundwa kwa masimulizi yaliyokwisha kung'olewa mahali pake na kuwekwa kitabuni. Mwanafunzi akizuru mahali penyewe hugundua kwamba fasihi simulizi ina sehemu ambayo haimo katika maneno, nayo ni ardhi inayosimuliwa. Nani atakayeliandika hilo kwa Kiswahili, ikiwa sote tunakwenda Gede?

Sasa tuvuke tuingie Bonde la Lambwe. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma ina eneo la kilomita 120 za mraba, kati ya milima ya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa. Ilitengwa mwaka 1966 ikiitwa Hifadhi ya Bonde la Lambwe, ikapandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Sababu ya bonde zuri namna ile kubaki pori katikati ya wakulima na wafugaji si siri: ndorobo. Malale iliwaua watu na nagana ikaua ng'ombe, na mlipuko wa ugonjwa ulirudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mbuga hii ina historia isiyofanana na ile ya mabango ya watalii. Waliohama hawakuhama kwa mapenzi ya swala. Walihama kwa kuogopa kufa, na ukimsikiliza mzee wa Lambwe akisimulia, mbuga itakuonekania kama kijiji kingine kilichozama, safari hii ndani ya nyasi.

Ruma ndiyo mahali pa pekee nchini Kenya ambapo anaishi bado yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe, na pembe zilizopinda nyuma. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata 15 tu. Kumi na watano katika nchi nzima! Darasa langu la uzamili pamoja na wahadhiri wake ni kubwa kuliko ukoo huo wote. Na Kiswahili humwita nani? Kamusi hutuambia ni korongo. Kamusi hizohizo hutuambia kwamba korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na tena kwamba korongo ni ufa mkubwa uliochimbwa na maji ardhini. Mtu anaweza kusema bila ya kosa lolote la sarufi kwamba alimwona korongo korongoni akiwa na korongo mgongoni, na asieleweke na yeyote. Wanafunzi wa isimu watacheka na kusema ni homonimia. Ni kweli. Lakini fikiri juu ya mtoto wa Lambwe anayefundishwa shuleni kwamba mnyama adimu kuliko wote nchini anaishi nyuma ya nyumba yao, kisha akifungua kamusi anakuta picha ya ndege.

Mbuga hiyo ina pia nyamera, kongoni, taya na twiga, na tangu mwaka 2012 ina vifaru waliohamishiwa huko. Kati ya Aprili na Septemba huja mbayuwayu wa rangi ya samawati, ndege adimu duniani, ambaye huzaliana kusini mwa Afrika na kuja huku wakati wa baridi ya kwao. Majina haya yote ni ya Kiswahili na yamo katika kamusi, ila wangapi kati yetu wanaweza kumtofautisha nyamera na kongoni wakiwaona? Tunayajua kama msamiati wa kujibia maswali. Hilo la taya, ambalo wengi wetu tulidhani ni mfupa wa kinywani tu, ninawaachia wenyewe.

Hapa ndipo hoja yangu ya pili inapoingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia kwa gwaride na mashairi. Lakini katika hifadhi zetu nyingi nchini, maelezo ya mnyama, ya mti na ya historia ya mahali bado huandikwa kwa Kiingereza kwanza, na mara nyingi kwa Kiingereza pekee. Mkulima wa Rongo akienda na wanawe kutazama urithi wao hulazimika kutafsiriwa na mtoto wa darasa la saba. Watu wa utalii husema kwamba wageni ni Wazungu. Basi tuwaulize ni Wazungu wangapi hufika Ruma, ambayo haimo katika njia kuu ya watalii, na ni Wakenya wangapi wangefika kama wangeona kwamba mahali hapo panasema nao. Kazi ya kuandaa maelezo hayo kwa Kiswahili fasaha si ya askari wa wanyamapori. Ni kazi yetu sisi tunaosomea tafsiri na istilahi, na ambao tasnifu zetu hulala maktabani zikingoja mchwa.

Kuna suala la Ziwa Viktoria lenyewe, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Mwanafunzi akishuka ufukoni Mbita, Karungu au Muhuru Bay atakuta wavuvi wanazungumza Dholuo, lakini biashara ya samaki inapovuka mpaka wa Tanzania huvuka kwa Kiswahili. Samaki ni yuleyule, majina ndiyo hubadilika mtumbwini. Mbuta wa Homa Bay ni sangara wa Mwanza. Ngege ni sato. Omena ni dagaa. Je, Kiswahili cha Kenya kimeyakubali maneno mbuta, ngege na omena? Sokoni Nairobi kimeyakubali zamani. Katika kamusi nyingi bado yanabisha hodi. Sisi hulalamika kwamba Kiswahili kinapungukiwa na maneno, ilhali ufukoni maneno yameanikwa juani pamoja na samaki.

Wanaodai kwamba ziwa si makao ya fasihi ya Kiswahili hawana budi kuangalia ramani upande wa kusini. Kisiwa cha Ukerewe, kilichomo katika ziwa hilihili, ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza, aliyekamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni kitabu kilichosheheni miti, wanyama, samaki, dawa na hali za hewa za ziwani. Kisiwa hichohicho kilitupa Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 haihitaji utambulisho kwa wasomaji wa jarida hili, na kikatupa Gabriel Ruhumbika. Kisiwa kimoja, waandishi watatu, na wote walikuwa na lugha yao ya nyumbani kabla ya Kiswahili. Kwa upande wetu wa ziwa Grace Ogot aliandika kwa Kiingereza na kwa Dholuo, na aliandika vyema. Kwa Kiswahili, mazingira ya Homa Bay na Migori hayajapata Kitereza wao. Sidhani ni kwa sababu Waluo hawakipendi Kiswahili, kama wasemavyo wenye mizaha. Nadhani ni kwa sababu sisi tunaoandika kwa Kiswahili tumejizoesha kuweka hadithi zetu ama Pwani ama katika mji usio na jina.

Pingamizi moja ninaliheshimu, na nimelisikia kutoka kwa watu wa huko wenyewe. Wanasema: mkija na Kiswahili chenu, mwisho wake mtatunyang'anya Dholuo. Anayeona hofu hiyo kuwa upuuzi aende kisiwani Mfangano. Huko wanaishi Waabasuba, ambao lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, jamaa ya mbali ya Kiswahili, na ambao kwa vizazi kadhaa wamehamia Dholuo kwa kuoana, kwa biashara na kwa shule, hata wazungumzaji wa Olusuba waliosalia ni wachache na wengi wao ni wazee. Lugha iliyomeza leo ndiyo inayoogopa kumezwa kesho. Mwaka 2000 ilianzishwa kisiwani humo Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, na karibu nayo iko michoro ya kale ya miambani, miduara myekundu na myeupe, inayohusishwa na Watwa waliokuwapo kabla ya wote. Tabaka tatu za watu katika kisiwa kimoja, na ya chini kabisa imebakiza rangi tu.

Jibu langu ni kwamba Kiswahili kisiende huko kama mwalimu. Kiende kuandika kilichosemwa kwa Dholuo na kwa Olusuba, kwa kutaja lugha ya asili na kuyaacha majina ya mahali yalivyo. Simbi Nyaima ibaki Simbi Nyaima. Isigeuzwe "Ziwa Zama" na mtu wa kamati ya istilahi. Sijui kama jibu hilo linatosha. Wapo watakaosema kwamba kila mkusanyaji huahidi hivyo, na historia inawaunga mkono zaidi kuliko inavyoniunga mkono mimi. Hata hivyo, kukaa Nairobi na Dar es Salaam bila ya kwenda hakujaiokoa Olusuba.

Thimlich Ohinga nimeiacha nyuma, na pengine ndiyo iliyostahili kutangulia. Iko Kaunti ya Migori, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji, kuta zenye urefu wa mita moja na nusu hadi mita nne na nusu, na yanakisiwa kujengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Milango yake ni mifupi. Ukiingia huna budi kuinama, na adui aliyeinama hana haja ya kuogopewa. Thim ni pori, lich ni la kutisha, ohinga ni boma. Jamii za Kibantu na za Waluo zimekaa humo kwa zamu, hawa wakirithi kuta za wale na kuzikarabati. Tunaposoma sura za vitabu kuhusu chimbuko la Kiswahili huonyeshwa mishale ya uhamaji wa Wabantu ikipita juu ya ramani. Thimlich ni mahali ambapo mishale hiyo ilitua, ikajenga ukuta, na ukuta ukakutwa na watu wengine. Ninaamini kwamba saa moja ndani ya kuta zile ina thamani ya mihadhara miwili.

Kamati ya safari ya mwaka huu haijakutana. Itakapokutana, napendekeza siku nne. Kutoka Nairobi hadi Homa Bay si mbali kuliko Mombasa, kwa hiyo hoja ya nauli isiletwe. Siku ya kwanza iwe ya Kendu Bay na Simbi, na jioni wanachama wauone mji wenyewe, ambao una jamii kongwe ya Waislamu na gati lililokuwa likipokea meli za ziwani. Watakaotafuta Kiswahili kilichosafiri kutoka Pwani wataanzia hapo. Siku ya pili iwe ya Ruma. Ya tatu Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya na miamba ambamo Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul mwaka 1948, kisha boti hadi Mfangano kwa wanaoweza kustahimili mawimbi. Ya nne Thimlich, na kurudi kupitia Migori, mji ambao Wakuria, Waluo, Waluhya na Watanzania wa Sirari hukutana sokoni na Kiswahili hufanya kazi bila ya kushangiliwa. Kila mwanachama apewe jambo moja la kurudi nalo: simulizi moja iliyorekodiwa kwa idhini ya msimulizi, au majina ya samaki kumi katika lugha tatu, au aya moja ya maelezo ya mnyama itakayosomeka na mtoto wa darasa la nne. Wahadhiri wetu watakaokubali kufuatana nasi wapewe kiti cha mbele.

Na kwa siku ya Ruma, tahadhari moja ya vitendo. Ndorobo huvutiwa na rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Fulana za chama, ambazo kwa bahati mbaya ni za buluu, zibaki ndani ya basi.